Verdiane Hakupiga Magoti

"Ingia basi. Mama yangu haumi watu."

"Nani amesema anauma? Naogopa tu."

"Unaogopa nini?"

"Macho yake," Verdiane alijibu, na Kabera akacheka, kwa sababu hata yeye aliyezaliwa na mama yule aliyaogopa macho hayo.

Walikuwa wamesimama kwenye mlango wa boma, Kirolirwe, asubuhi ya Jumapili, siku ya Mungu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani, na ng'ombe walikuwa wakitoa mvuke puani. Verdiane alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, rozari ikiwa shingoni, na viatu vyake ameviweka kwapani ili visipate matope kabla ya kufika kanisani. Barabarani, rafiki yake Drocella alikuwa akirukaruka kwa baridi na kwa hasira.

"Verdiane! Kengele ya kwanza imeshalia! Papa yako akijua tumepitia hapa, mi sikuwepo, unasikia? Mi sikukuona. Hata jina yako nimesahau!"

"Dakika moja tu, Drocella."

"Dakika ya wapenzi naijua mi! Inaanza asubuhi, inaisha siku ya arusi."

Kabera alikuwa ameiomba dakika hiyo mwaka mzima. Ilikuwa 1951, naye alikuwa kijana ambaye vilima vyote vya Kirolirwe vilimfahamu kwa mambo mawili: hakubatizwa, na hakuna aliyemshinda kwa maneno. Ng'ombe wa watu walipokusanyika kwenye maji, wachungaji waliacha fimbo zao kumsikiliza akiwasifu mmoja mmoja, pembe kwa pembe, rangi kwa rangi, mpaka mwenye ng'ombe akatokwa na machozi. Alipenda kusikilizwa. Watu wakicheka, aliongeza. Wakinyamaza, aliongeza zaidi.

Verdiane hakuwa wa boma, wa watu wa ng'ombe. Alikuwa binti wa Narcisse, katekista wa Burungu, wa ukoo wa wakulima waliolima maharage kwenye miteremko ile tangu mababu zao. Na Narcisse hakutaka kusikia habari za mpagani. Kwa upande wake, Mukasine, mama yake Kabera, mjane aliyeshika desturi za Ryangombe, mzimu mkuu wa mababu, kama marehemu mume wake, hakutaka kusikia habari za binti wa jembe mwenye msalaba. Kwa miezi mingi Kabera alikuwa amemsihi mama yake usiku na mchana. Jana yake, Mukasine alisema tu: "Mulete. Nimuangalie. Sijasema kitu kingine."

Basi akamleta.

Mukasine alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu ameikunja upande, mgongo umenyooka. Alimtazama Verdiane tangu kitambaa mpaka vidole vya miguu, akarudi juu polepole, akaishia kwenye rozari.

"Njo wewe yule?"

"Njo mimi, Mama."

"Keti. Kwetu maziwa hainywewi na mutu amesimama."

Verdiane aliketi. Mukasine akachukua chombo cha mti chenye kifuniko kilichosukwa, akakifunua mwenyewe, akakinyoosha kwa mikono miwili. Yalikuwa maziwa ya Bihogo, ng'ombe wa Kabera, yaliyokamuliwa alfajiri ile, povu bado liko juu.

Verdiane hakunyoosha mikono.

Kabera aliona jambo hilo, na moyo wake ukaruka. Midomo ya Verdiane ilifunguka kama anayetaka kusema, ikafungwa. Aliyatazama maziwa jinsi mtu anavyoutazama mto uliofurika, wakati ng'ambo kuna mtu anayemwita.

"Watu ya Burungu wanasema maziwa yetu inanuka Ryangombe," Mukasine alisema, sauti yake haikupanda. "Wanapita hapa wakiziba pua. Na wewe, binti ya katekista, unasema nini?"

"Hapana, Mama, mi sisemi vile. Ila leo..."

"Ila leo nini?"

Mikono ya Mukasine ilikuwa bado mbele. Mama yule hakuwahi kumshikia mgeni chombo kwa muda mrefu namna hiyo. Kabera akainama karibu na sikio la Verdiane.

"Kunywa, dada," alinong'ona. "Nakuomba. Ukikataa, imekwisha kwetu. Kunywa."

Verdiane akamtazama. Kabera angekuja kuukumbuka mtazamo huo maisha yake yote, lakini asubuhi ile aliudhania kuwa woga tu. Kisha akapokea chombo kwa mikono miwili, akanywa polepole, bila kupumzika, mpaka mwisho.

Mukasine akachukua chombo chake, akatazama ndani. Kitu fulani kikalegea usoni mwake.

"Anakunywa vizuri," alimwambia mwanawe, kana kwamba Verdiane hayupo. Halafu akamgeukia: "Utarudi. Lakini uje muchana, nikuone sawasawa. Hii ukungu inaficha watu."

Njia nzima ya kwenda kanisani Kabera alikuwa akielea. "Umesikia? 'Utarudi'! Mama yangu hajawahi kumuambia mutu arudi, hata ndugu yake mwenyewe! Verdiane, sema basi kitu."

"Mama yako iko muzuri."

"Njo hiyo tu?"

"Kabera, wacha nitembee kidogo kimya. Niko naomba."

"Omba, omba! Umuombe na arusi mara moja!"

Drocella alimtazama rafiki yake, akatazama alama nyeupe nyembamba juu ya mdomo wake, akafungua macho makubwa. Alitoa tu kitambaa chake, akamfuta.

Kanisa lilikuwa la udongo na majani, na Padri alilifikia mara moja tu kwa mwezi, kwa pikipiki yake iliyosikika tangu kilima cha tatu. Ndiyo maana siku hiyo watu walijaa mpaka mlangoni. Mbele walikaa waliobatizwa. Katikati wanafunzi wa dini. Nyuma kabisa, wakiwa wamesimama, wale walioitwa wapagano, yaani wapagani. Walikuwa wengi kuliko unavyodhani. Mmoja alifuata nyimbo, mwingine alifuata nguo za wengine, mwingine alifuata mke wake aliyebatizwa ili ajue anasali kwa nani. Kabera alikuwa amesimama kati yao siku nyingi, na hakuna aliyehitaji kuuliza anamfuata nani.

Mahubiri yalipokwisha, Evode, mlinzi wa mlango mwenye kifimbo, alipaza sauti kama kawaida yake.

"Wasiobatizwa, inje! Na wanafunzi, inje! Polepole! Muzee Sebarenzi, usijifiche nyuma ya nguzo, nakuona!"

"Sijifichi, nguzo njo inanifuata," mzee Sebarenzi alijibu. Alikuwa mchungaji asiye na meno, ambaye hakukosa Misa hata moja na hakuwa na nia yoyote ya kubatizwa. "Kila siku ya Mungu munatukaribisha, kila siku ya Mungu munatufukuza. Nyinyi watu, munatupenda ao hamutupendi?"

Walitoka wakicheka, wakaenda moja kwa moja kwenye dirisha la upande, ambalo halikuwa na kioo wala mbao, wakabanana hapo kama ndama. Kabera alikuwa na nafasi yake. Kutoka pale aliona benchi la wasichana wenye vitambaa vyeupe, na kwenye benchi hilo aliona kichwa kimoja.

Saa ya Komunyo ikafika. Narcisse, katika kanzu yake nyeupe, alisimama kando ya Padri, ameshika kisahani cha kuweka chini ya videvu. Wasichana wakasimama wote pamoja, wakatoka mmoja baada ya mwingine, wakaenda kupiga magoti mbele. Drocella naye akaenda, akigeuka nyuma mara mbili.

Verdiane hakusimama.

Alibaki peke yake kwenye benchi refu, kichwa ameinamisha. Kabera alimwona Narcisse akiinua macho, akitafuta kwenye mstari wa magoti, akikosa, kisha akitazama benchi.

"Ah-ah!" mzee Sebarenzi alipiga ulimi. "Binti ya katekista amebaki! Leo kuna habari."

"Akibaki, iko nini?" Kabera aliuliza.

"Wewe unakuja hapa kila mara, hata haujui? Macho yako inaangalia kitu kimoja tu! Anayebaki, ni mwenye zambi kubwa. Msichana kama huyu, watu watafikiri zambi gani?" Mzee akakohoa cheko. "Ao pengine amekula. Tangu usiku katikati hawaweke kitu mu kinywa mpaka wapokee. Hata maji."

"Hata maji?"

"Hata tone."

"Na maziwa?"

"Sasa maziwa si inashinda maji, mutoto yangu?"

Kabera akashika ukingo wa dirisha. Alisikia tena sauti yake mwenyewe ikinong'ona: kunywa, dada, kunywa. Ndani, Verdiane alikuwa amefunika uso kwa mikono, na wanawake wa benchi la nyuma walikuwa wameanza kuinamiana masikioni.

Misa ilipokwisha hakuna aliyekwenda nyumbani. Watu walisimama uwanjani wakijifanya wanasalimiana. Daphrose, mama yake Verdiane, alikuwa amemshika binti yake mkono, analia bila sauti. Narcisse alitoka bila kuvua kanzu. Hakuwa mtu wa kelele. Alisogea mpaka karibu, akasema taratibu:

"Verdiane. Padri anakuja mara moja mu mwezi. Wewe unabaki kwenye benchi, mbele ya watu wote ninaowafundisha. Juu ya nini, sababu gani?"

Verdiane aliitazama rozari yake.

"Niambie mi, mutoto yangu. Umefanya nini?"

"Sikufanya mubaya, Papa."

"Basi sema."

"Siwezi kusema."

"Umesikia? Hawezi kusema!" mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kusikika na wote.

Kabera hakuweza kuvumilia. Akawapasua watu, akasimama mbele ya Narcisse.

"Papa Narcisse, mi njo nitasema. Amekunywa maziwa. Njo hiyo tu! Asubuhi, kwetu. Mama yangu alimupa, mi njo nilimulazimisha. Sikujua sheria yenu. Hana kosa."

Alitegemea uso wa Narcisse ufunguke. Uso ukajifunga.

"Kwenu? Mbele ya Misa? Binti yangu alikuwa mu nyumba yenu na jua halijatoka?"

"Jua lilikuwa..."

"Mu nyumba ya Ryangombe? Verdiane, ni kweli?"

"Ni kweli, Papa," Verdiane alisema. "Nilienda kumusalimia mama yake. Alininyoshea chombo. Kwao kukataa ni tusi."

"Na kumukataa Bwana si tusi? Juu ya maziwa ya wapagano umemuacha Bwana?" Narcisse alimgeukia Kabera, na sasa sauti yake ilikuwa inapasuka kwa uchungu zaidi kuliko hasira. "Kijana, mi sikuchukii. Lakini usikanyage tena mulango yangu. Maziwa yenu imenikosesha binti."

*Maziwa yenu.* Hayo ndiyo maneno yaliyoingia. Kabera aliona mikono ya mama yake, jinsi ilivyobaki mbele asubuhi ile. Damu ikampanda kichwani.

"Maziwa yetu imefanya nini? Mungu yenu iko Mungu gani, anayeshindwa na chombo moja ya maziwa?"

Nyuma yake mzee Sebarenzi akaangua kicheko, na wapagano wengine wakamfuata. Kabera alikisikia kicheko hicho. Ah, kama asingelikisikia! Alikizoea, kilikuwa kile kile cha kwenye maji, cha wachungaji walioacha fimbo zao. Ulimi wake ukakimbia wenyewe.

"Bihogo yangu amemushinda! Muniletee huyo Mungu yenu, nimufunge kamba pamoja na ndama, pengine atazoea harufu!"

Walicheka tena. Kisha wakanyamaza ghafla, kwa sababu Verdiane alikuwa amejitoa mkononi mwa mama yake na kumkaribia. Hakuwa analia.

"Kabera. Mi nilijua sheria wakati nakunywa."

"Verdiane, sikuwa nasema juu yako..."

"Nyamaza, leo nyamaza mara moja. Nilijua. Nilitazama ile chombo, nikasema mu roho: Bwana, ungoje mwezi moja, huyu mama asipate haya mbele ya mutoto yake. Na nilisikia kwamba amekubali kungoja. Nilibaki kwenye benchi, watu wakanitazama kama kahaba, nikafunga kinywa ili mutu asiseme mubaya juu ya maziwa ya mama yako. Mungu yangu aliweza kungoja mwezi. Wewe haukuweza kungoja nifike nyumbani."

Akarudi kwa mama yake. Wakaondoka, na watu wakawapisha njia.

Kirolirwe habari ilifika kabla ya Kabera. Mukasine alikuwa kwenye mlango wa boma.

"Ni kweli hakupaswa kuweka kitu mu kinywa?"

"Ni kweli, Mama."

"Na alikunywa yote?"

"Uliona mwenyewe."

"Na walipomuuliza kwanza, hakunitaja?"

Kabera akatikisa kichwa. Mukasine akatazama barabara.

"Mwaka muzima nimemukataa huyu musichana," alisema mwishowe. "Leo njo namutaka. Na leo njo wewe umemupoteza, na hicho kinywa yako watu wanasifu."

Siku zilizofuata Kabera alizunguka Burungu bila kumwona Verdiane hata kwa mbali. Kisha Drocella akamletea habari, bila mizaha. Tangu mwanzo wa mwaka Padri alikuwa akimwomba Narcisse ashuke Walikale kufundisha dini katika vijiji vya msituni, na Narcisse alikuwa akikataa kwa sababu ya mashamba yake. Sasa alikuwa amekubali. Walikuwa wanahama, familia nzima.

"Wanaenda lini?"

"Wameshatoka, kaka. Ukikimbia kwa njia ya juu, utawapata kabla waingie musitu."

Alikimbia. Aliwapata mahali ambapo majani ya malisho yanaisha na njia inaanza kuteremka kuelekea miti mirefu. Narcisse alikuwa mbele na mzigo wa vitabu vya dini kichwani, Daphrose akifuata na kuku katika tenga, Evode na vijana wengine wa kanisa wakibeba vyungu na majembe. Verdiane alikuwa wa mwisho.

"Papa Narcisse! Nakuomba, nizungumuze naye!"

Narcisse alimtazama kijana yule aliyeloa jasho, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kama mlinzi wa kitu chochote, bali mtu aliyechoka. "Zungumuzeni. Hapa hapa, tuwaone."

Wakasimama wakitazamana. Yeye aliyekuwa na majina ishirini ya weupe wa ng'ombe hakupata hata moja la kuanzia.

"Nitabatizwa," alisema. "Nitasoma dini. Leo nikitaka naanza."

"Juu ya nani?"

"Juu yako. Juu ya nani tena?"

"Njo ile naogopa. Siku nitakukasirisha, utamutukana Mungu tena."

"Basi unataka nini, Verdiane? Sema! Nifanye nini?"

Verdiane alisogea. Alikuwa karibu kiasi kwamba Kabera aliona kope zake zimeshikana kwa unyevu.

"Niliungama kwa Padri siku ile ile, kabla aondoke. Aliniambia sikutenda zambi: niliheshimu mama mukubwa, basi. Hata Papa amesikia, amenisamehe, na anajua mama yako hakukosa kitu. Kimebaki kitu kimoja tu. Ile maneno ulisema mbele ya watu. Uyaondoe. Sema tu 'nilikosa,' na mi nitamuambia Papa nakungoja, hata kama ni miaka ine ya kusoma dini. Nakupenda, Kabera, unajua. Sema."

Neno lilikuwa dogo. Kabera alilihisi tayari nyuma ya meno. Lakini Evode alikuwa ameweka chungu chini ili asikie vizuri, na mdomoni mwake mlikuwa na tabasamu. Vijana wote walikuwa wametulia wakingoja kumwona Kabera wa Kirolirwe, Kabera asiyeshindwa kwa maneno, akiinama katikati ya njia.

"Papa yako njo alianza," alisema. "Aligusa maziwa ya mama yangu."

Verdiane aliendelea kumtazama kidogo, kama mtu aliyepewa kitu na bado hajafungua mkono kukiona. Halafu akaitika kwa kichwa.

"Ubaki muzima," alisema.

Aliteremka. Kitambaa cheupe kilionekana kati ya majani, kikapotea, kikaonekana tena chini zaidi, kisha njia ikapinda.

Kabera alibaki amesimama mpaka sauti ya kuku haikusikika. Hapo, sasa hakuna Evode, hakuna wa kucheka, hakuna wa kusifu, neno likatoka lenyewe, kwa sauti kubwa iliyomshtua.

"Nilikosa!"

"Ulinikosea nini, mutoto yangu?"

Mwanamke mmoja alikuwa akipanda kutoka bondeni, mgongoni amebeba mtungi wa mawese kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Alisimama akihema, akamtazama kwa mshangao. "Mi hata sikujui."

"Mama... umekutana na watu wanashuka?"

"Wale ya kanisa? Nimekutana nao."

"Na binti wa kitambaa nyeupe? Alikuwa anatembea namna gani?"

"Yule hakuwa anatembea." Mwanamke aliisogeza kamba iliyokuwa ikimuumiza. "Alikuwa amesimama pale nyuma ya kona, peke yake, amegeuza sikio huku juu. Mi nikafikiri kuna mutu anamuita. Nikamuuliza, akasema hapana, bado."

"Bado amesimama?"

"Sasa?" Mama yule alitazama nyuma, bondeni, ambako miti ilikuwa imeshika giza. "Sasa hapana, mutoto yangu. Papa yake alirudi kumuchukua mukono."